Taa Niliyowawashia Matetea

Mwanangu Rukia,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kitandani, mlango nimeufunga kwa komeo, na baba yako nimemfukuzia sebuleni akatazame mpira wake. Wewe uko chumba cha pili unakunja nguo. Nakusikia unavyofungua zipu ya begi na kuifunga tena. Ningeweza kugonga ukuta ukaja, lakini unanijua mama yako: nikianza kusema jambo zito ana kwa ana, huishia kukuuliza kama umekula. Bora niandike, kisha niipitishe karatasi chini ya mlango wako kabla hujalala.

Habari za chandarua, chaja na nguo za baridi sizirudii. Nimekwambia mara tatu, na mara ya tatu ulinijibu "nimesikia, Mama" kwa sauti ya mtu aliyeacha kusikia tangu mara ya kwanza. Kilichonishikisha kalamu ni neno ulilomwambia baba yako jana, mlipokuwa uani mnafunga sanduku. Ulimwambia ukishaenda hutarudi likizo, utabaki huko huko chuoni, ili Mama apumzike na aibu yake. Baba yako hajui kutunza neno. Alikuja kunikabidhi kama lilivyo, na nimezunguka nalo mchana kutwa leo. Usipojua lilivyoniuma, najua kweli hutarudi, maana ukaidi huo umeurithi kwangu.

Acha nianze na kuku. Mimi na wewe hatujawahi kuzungumza jambo la maana bila kuku kuwepo katikati.

Utawakumbuka matetea wale thelathini wa mwanzo. Ulikuwa darasa la tano. Niliwanunua Kariakoo, wakaletwa hapa Magomeni kwenye matenga juu ya guta la magurudumu matatu, na watoto wa mtaa mzima wakalisindikiza mpaka mlangoni kama harusi. Walikuwa na miezi mitatu na nusu, hawajaanza kutaga, undu wa kichwani bado mdogo na umepauka. Muuzaji aliniambia nisubiri. Mimi tayari nilikuwa nimemwahidi Zuhura, rafiki yangu mwenye duka la mayai kule Kariakoo, na nimemwahidi muuza chips wa hapa kona, kwamba Idi ikifika mayai yatakuwa yanamiminika. Ahadi zangu hutoka mdomoni kabla akili haijavaa viatu.

Mtu mmoja akanipa siri: kuku hudanganywa kwa mwanga. Akidhani siku ni ndefu, mwili wake unaanza kutengeneza mayai. Baba yako ni fundi umeme, kwa hiyo jioni ile ile waya ulivutwa na balbu kubwa ikaning'inia bandani. Tuliiwasha magharibi tukaiacha mpaka karibu na usiku wa manane. Chakula nacho nikakibadilisha siku hiyo hiyo, nikawapa kile cha kuku wakubwa wanaotaga. Na siwezi kusingizia kwamba sikuonywa, kwa sababu nilikuwa nimejifunga khanga iliyoandikwa Haraka Haraka Haina Baraka. Mama Neema, mpangaji wetu wa chumba cha uani, ndiye aliyenisomea mgongoni kwangu, akacheka mpaka akashika ukuta.

Alipomaliza kucheka alinishauri vizuri. Kwao Songea alikulia na kuku. Akasema hawa bado watoto, mifupa haijakomaa, wape wiki nne au tano kwanza, na mwanga uongezwe kidogo kidogo. Nikamjibu kwamba kuku wa kwao ni wa kienyeji, wangu ni wa kisasa. Lilikuwa jibu la kijinga. Akalipokea kwa adabu, akaenda kuosha vyombo vyake.

Wakataga, ndiyo. Yai la kwanza lilikuwa dogo kama la njiwa, na nilipolipasua halikuwa na kiini. La pili halikuwa na ganda kabisa, lilikuwa laini kama kifuko cha maji, limelala kwenye pumba linatikisika. Mara likaja kubwa la kutisha lenye viini viwili. Leo matano, kesho hakuna, keshokutwa tisa, tena mengine yametagwa popote, mlangoni, chini ya chombo cha maji, saa yoyote. Muuza chips nilimpelekea trei ya kwanza kwa mbwembwe. Akaitazama, akaniuliza, "Mama Rukia, haya mayai au gololi?"

Badala ya kujitazama, nikatafuta mchawi. Nikasema ni jicho la mtu. Nikamwambia baba yako wapangaji wasipite karibu na banda, na banda lenyewe liko njia ya chooni, sijui nilitaka wapitie juu ya paa.

Wewe ulikuwa unatazama. Kila siku ukitoka shule ulikaa kwenye kigoda mbele ya wavu, na kurasa za nyuma za daftari lako la sayansi ulichora mayai: hili refu, hili la mviringo, hili lenye mabaka, hili la ngozi. Uliniambia mayai ya ajabu hayakutishi. Mama Neema alikuwa amekufundisha kwamba tetea yeyote anapoanza hukosea kosea, mwili unajifunza kazi mpya, na baada ya wiki chache mayai hutulia yenyewe. Kilichokutisha ni kuku wenyewe. Ulisema, "Mama, hawalali. Zima taa."

Nikakwambia nenda kasome.

Haikupita wiki, tetea mmoja akajikunyata pembeni, mkia umeshuka, anajikamua na hakuna kinachotoka. Yai lilikuwa limemkwama. Mama Neema alikuonyesha, nawe ukafanya: maji ya vuguvugu kwenye beseni, ukamkalisha humo umemshika mbawa kwa upole, kisha mafuta ya nazi kidoleni, huku unamsemesha kama mtu. Ulikuwa na miaka tisa. Yai lilitoka, kubwa kupita uwezo wa mwili wake, lina michirizi ya damu, na baada yake ikatoka nyama ya ndani, na haikurudi. Wenzake walipoona wekundu ule wakamvamia kwa midomo. Tulimtoa, akafa kabla ya adhuhuri. Wiki ile walikufa wanne kwa namna hiyo hiyo.

Hukulia. Uliingia bandani, ukapanda juu ya pipa la chakula, ukaichomoa balbu kwa upindo wa sketi kwa kuwa ilikuwa ya moto, ukaja ukaniwekea mapajani. Ukasema, "Unawaharakisha, wanaumia." Nami nikakupiga kofi mbele ya Mama Neema, nikairudisha balbu pale pale. Walikufa wengine wawili ndipo baba yako akaukata waya bila kuniuliza.

Kofi lile sijawahi kukuomba radhi. Nilijifanya nimesahau, nawe ukanisaidia kujifanya. Nisamehe, mwanangu. Ulikuwa umesema kweli na nilikupiga kwa sababu hiyo.

Matetea wa awamu ya pili niliwasubiri. Walipoanza, nao walitoa gololi zao na mayai yao ya ngozi, nami nikatulia, nikawaongezea maganda ya konokono wa baharini yaliyosagwa, nikawaacha walale giza likiingia. Baada ya mwezi yai likawa yai. Tangu hapo nimekuwa bingwa wa mtaa. Wanawake wanakuja hata kutoka Upanga kuniuliza, Mama Rukia, kuku wangu anataga siku moja anakosa mbili, nimchinje? Nami nawajibu kwa madaha, nimepandisha mguu mmoja juu ya mwingine: muache, ndiyo kwanza anaanza. Subira niliyowagawia watu kwa kuku wao ni nyingi mno. Ya kwako sikuibakisha.

Unakumbuka mwalimu yule mzee wa uandikishaji? Alikuwa bado na mtindo wake wa zamani: mtoto apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili, akilifikia ametosha kuanza darasa la kwanza. Wewe ulikuwa na miaka mitano na miezi yako michache na mkono wako uliishia kwenye nywele. Wiki nzima nilikufanyisha mazoezi hapa sebuleni. Nilikufundisha kuinamisha kichwa kidogo, kiasi ambacho mtu mwenye miwani mizito hawezi kuona. Siku yenyewe uliinamisha, ukashika sikio, ukanitazama kuona kama nimefurahi. Nilifurahi mno. Nilisema una miaka saba, nikaapa.

Ulikaa darasani na watoto waliokuzidi vichwa viwili. Ulikuwa unarudi umelala mgongoni kwa baba yako. Darasa la nne likaja, la saba likaja, sekondari, na kila mara ulipita kwa kuinamisha kichwa, na mimi nilihesabu kwamba nimeokoa miaka. Ulipomaliza kidato cha sita ulisema unataka kupumzika kidogo ufikirie. Nikakujazia fomu ya chuo kikuu mwenyewe, nikachagua uhasibu, kwa sababu mtoto wa jirani amesomea uhasibu na ana gari. Mwaka mmoja tu wakakutoa. Watu wakasema umedisko. Nilikuwa nalichukia neno hilo kuliko msiba.

Nataka ujue nilichokuwa nakikimbiza. Mama yangu alifariki mimi nikiwa darasa la sita, na kila kitu changu kikabaki nusu: shule nusu, ushoni nusu, mapenzi ya mama nusu. Nilipokuzaa nilikuwa na hofu isiyonitoka, kwamba nitakufa kabla sijakuona umefika. Kwa hiyo nikawa nakusukuma. Sikujiuliza unafika wapi. Hiyo siyo sababu ya kunisamehe, ni habari tu, na wewe ni mtu mzima sasa, unastahili kuzipata.

Mwaka huu uliokaa nyumbani, nimekuona. Umewachukua kuku mkononi mwako bila kuombwa. Siku moja nilipita nikakukuta umekaa bandani kimya, umefumba macho, nikadhani unalia. Kumbe unawasikiliza, ulisema ukiwasikiliza kuku unajua yupi kesho atataga na yupi ana shida. Wale wanawake wa Upanga siku hizi wakifika wananisalimia mimi na kumuuliza Rukia yuko wapi. Nilikuonea wivu, nikajivuna, vyote kwa pamoja. Na chuo hiki cha mifugo unachokwenda kesho uliomba mwenyewe kwa simu yako, usiku usiojulikana, na mimi nilijua siku majibu yalipokuja.

Na nilifanya nini? Tulikuwa dukani kwa Zuhura, wewe umebeba trei sita. Akaniuliza, "Huyu mbona yupo hapa mwaka mzima?" Nikajibu haraka, kabla hujafungua mdomo, "Alikuwa fildi, mafunzo ya kazini, sasa amepata kazi bara." Ulizishusha zile trei mezani taratibu sana, halikupasuka hata yai moja. Ningeona afadhali ungeyavunja yote. Tulirudi kwa miguu mpaka Magomeni, wewe umetangulia hatua mbili, mimi nikawa nakuonyesha bei za vitenge.

Bado moja, na ndilo nimekuwa nikilizunguka tangu ukurasa wa kwanza.

Siku uliyorudi kutoka chuo kikuu ulinipigia simu kutoka stendi. Ilikuwa saa sita mchana. Ulisema, "Mama, wamenitoa. Nimerudi." Ile ndiyo mara pekee maishani mwangu sikukuuliza kama umekula. Barazani walikuwa wamekaa wanawake wale wale niliowapikia pilau ulipochaguliwa, na mimi nikaingia ndani, nikaikinga simu kwa kiganja, nikakwambia, "Usije saa hizi. Subiri giza liingie."

Ulisubiri. Ulikaa stendi na begi lako tangu saa sita mpaka baada ya isha, msichana wa miaka kumi na tisa, na sijui ulikunywa nini, sijui nani alikusumbua, sijathubutu kuuliza. Ukapita mlango wa uani. Nilikuwa nimekupikia wali wa nazi na samaki, ukala, ukasema ahsante. Tangu siku ile kila unaponiita Mama nasikia pengo kidogo kabla ya neno lenyewe. Hunikomoi, najua. Pengo lile nimelichimba mimi.

Sikuwa na aibu na wewe, Rukia. Nilikuwa na aibu na mimi, niliyekuvika sifa za watu kabla hazijakutosha, kisha nikakuficha zilipokuvuka. Lakini mtoto anayeambiwa asubiri giza hawezi kujua tofauti hiyo, na kutoijua ni haki yake.

Leo nilipokuaga naenda kununua vitunguu, nilikwenda Kariakoo kwa Zuhura. Nilimkuta anapanga mayai, mteja yupo. Nikamngoja mteja aondoke, kwa sababu ujasiri wangu nao una mipaka. Nikamwambia sikusema kweli, mwanangu hakuwa fildi, alitolewa chuo, amekaa nyumbani mwaka mzima, na kesho haendi kazini, anaanza upya cheti cha mifugo Mpwapwa, tena alichokichagua mwenyewe. Niliyasema yote kwa pumzi moja kama mtu anayemeza dawa ya minyoo.

Zuhura alilirudisha kwenye trei yai lililokuwa mkononi mwake. Halafu akasema, "Mwanangu naye hayuko Muscat. Yuko Mbagala kwa dada yangu, mwaka wa pili huu."

Mwanangu, miaka miwili tumekuwa tukiulizana habari za Muscat! Nikimuuliza joto la huko likoje, ananijibu kali. Tulikaa juu ya kreti mbili tukacheka mpaka wapita njia wakageuka, kisha yeye akaanza kulia, na mimi nikafuata. Amenipa ruhusa nikwambie. Keshokutwa anakwenda Mbagala kumchukua.

Kutoka pale nikaenda kwa wakala wa basi. Tiketi yako ile ya alfajiri nilikukatia mimi, na bajaji niliyoiagiza ingekuja saa kumi na nusu usiku, nyuma, kwenye kichochoro cha uani. Nilikwambia ni kwa ajili ya foleni ya magari kuelekea stendi ya Mbezi. Foleni ipo kweli, lakini haikuwa sababu, na nadhani ulijua. Bajaji nimeikataa. Tiketi nimebadilisha, utaondoka na basi la saa saba mchana.

Kwa hiyo kesho usishtuke usipoamshwa. Lala mpaka jua litoke. Tutanywa chai sote, halafu saa nne, watu wote wakiwa wamekaa nje, tutatoka kwa mlango wa mbele. Baba yako atabeba sanduku, mimi nitatembea ubavuni mwako mpaka barabara kubwa, wala sitatembea haraka. Watauliza, unawajua. Nitajibu mimi wa kwanza, kwa sauti, kwamba Rukia wangu alianguka chuo kikuu na sasa anakwenda kusomea mifugo. Kama nitababaika, nikanyage mguu.

Likizo nakuomba urudi. Siamrishi, naomba. Na huko uendako kukikushinda, iwe wiki ya pili, iwe mwaka wa pili, rudi vilevile, wala usinipigie kuniuliza saa ya kuja. Panda basi litakalokufikisha mchana kweupe. Nitakuwa nimekaa barazani, na nitakuita kwa jina ukiwa bado mbali, mtaa mzima usikie nani amerudi kwao.

Mama yako